Lanet, Salgaa ama Lurambi? Naomba ushauri kabla hatujaweka pesa kwa nyumba za kupangisha

MamaWawili_Naks

Hamjambo wadau. Nasoma huku kitambo bila kuandika lakini leo naomba mnisaidie kufikiria, juu nyumbani tumeongea hii maneno hadi sasa kila mtu anarudia tu yale ya jana.

Mimi na mzee wangu tumepanga Free Area hapa Nakuru. Tuko na ploti ya futi 50 kwa 100 Lanet Umoja, tulinunua 2017, hatimiliki iko kwa majina yetu wawili na haina maneno. Tumeweka 1.9m na sako inaweza kutukopesha hadi 2.5m, riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio. Watoto bado wako primari kwa hivyo karo kubwa haijatufikia, hii ndio miaka yetu ya kufanya kitu na naogopa sana kuiharibu.

Njia ziko tatu. Kwanza ni kujenga bedsita nane (zile nyumba za chumba kimoja) hapo Umoja, fundi ametupigia 3.4m, na bedsita huko zinaenda 6,000. Pili kuna broka anauza ploti ukipita Salgaa karibu na barabara kuu, anasema mwaka jana ilikuwa 450,000 sasa ni 700,000 na barabara ikiisha itafika milioni na nusu, anataka tuchukue mbili. Tatu ni shemeji yangu ako Kakamega, ameona ploti Lurambi karibu na chuo cha MMUST, anataka tushirikiane tujenge hosteli, anasema wanafunzi hawaishi kila mwaka wanakuja wapya.

Swali langu ni moja tu. Mtu anajuaje kama mahali kuna uhitaji wa kweli ama ni watu wanafuatana? Kila mtu ananiambia Nakuru imekuwa jiji, watu ni wengi, nyumba hazitoshi. Lakini nikipita Umoja naona vibao vya vyumba viko wazi kwa mageti mengi tu. Sasa hizo nyumba hazitoshi ni gani?

Jaduong_Kano

Mama, hapo mwisho umeuliza swali lenye watu wengi huuliza wakishamaliza kuezeka. Niko Kisumu, napangisha tangu kabla ya ugatuzi, wacha nikwambie venye naona.

Uhitaji si idadi ya watu. Uhitaji ni watu wenye mshahara wa kulipa kodi hiyo unayotaka, wenye sababu ya kulala hapo na si pengine, na ambao hawapati nyumba kama hiyo kwa bei hiyo mtaa wa pili. Ukikosa moja kati ya hizo tatu huna mpangaji, una watu wanapita barabarani. Sensa ya 2009 kaunti yenu ya Nakuru ilikuwa na watu 1,603,325, ya 2019 ikawa na 2,162,202. Ni ongezeko kubwa sana, lakini hao ni pamoja na Naivasha, Gilgil, Molo, Njoro, Subukia, Kuresoi huko juu. Hiyo namba haijui Umoja ni wapi. Mtu akikutajia watu wa kaunti nzima ili ununue ploti ya mtaa mmoja, muulize wangapi wanafanya kazi umbali wa matatu moja kutoka hapo.

Na upande wa pili, nyumba zenyewe. Watu huhesabu zile zimesimama wanasahau zile ziko kwa msingi. Hapo ndipo pesa hupotelea. Kodi ikipanda mtaani leo, wenye ploti wote wanaona siku moja, wanaita fundi mwezi mmoja, na baada ya mwaka hivi nyumba zote zinafunguliwa kwa pamoja. Ni kama nyanya, bei nzuri ya leo inafanya kila shamba lipandwe nyanya na zote zinaiva wiki moja. Tofauti ni kwamba nyanya zikikosa soko unapanda kitu kingine msimu ujao, lakini nyumba utakaa nayo miaka arobaini.

Kabla ya ule mkutano wa miji ya Afrika, Africities, hapa Kisumu Mei 2022, jirani yangu mmoja alitoa wapangaji wake akanunua vitanda na tivii afanye vyumba vya wageni. Wageni walikuja kweli, jiji lilijaa. Mkutano uliisha ndani ya wiki moja. Huo ulikuwa uhitaji wa siku tano na yeye alijibu na kitu cha miaka mingi. Ilimchukua muda mrefu kupata tena wapangaji kama wale aliotoa.

Kitu kingine cha kuangalia ni ugumu wa kujenga. Huku kwetu upande wa Kibos na Nyamasaria udongo ni ule mweusi wenye unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, msingi unakula pesa kabla hujaona ukuta. Riat nako ni mawe na maji ni shida. Mtu huona hiyo ni hasara, lakini pale kujenga ni kugumu majirani wako pia hawajengi haraka, kwa hivyo kodi yako inakaa. Pale yeyote mwenye laki kadhaa anaweza kuinua vyumba vitano kwa miezi mitatu, jua utashindana na vyumba vitano vipya kila miezi mitatu.

Ploti_za_Bonde

Mimi nauza ploti Nakuru na siko hapa kudanganya mtu. Dada, kujenga ni kujitafutia presha, wapangaji wanasumbua, keateka wa kutunza nyumba anasumbua, maji inakatika. Ardhi unanunua unaweka hatimiliki kwa kabati unalala. Mungu haongezi ardhi. Upande wa Salgaa na Mau Summit ukichelewa utanunua kwa watu wenye walinunua jana. Wateja wangu wengi ni walimu na manesi, na hakuna mwenye amenirudia akilia.

Saveya_Molo

Ndugu yangu hapo juu, na heshima, Mungu haongezi ardhi lakini sisi masaveya tunaongeza ploti kila siku. Hiyo ndio kazi yangu. Ekari moja ukitoa barabara za ndani unapata ploti nane za 50 kwa 100. Shamba la ekari tano lililokuwa na mahindi mwaka jana leo ni ploti karibu arobaini kwa soko. Na ukitoka Salgaa kwenda juu mashamba ya mahindi yako mengi sana, kila mwenye shamba akisikia jirani ameuza ploti kwa laki saba naye ananipigia simu. So ploti ikipanda bei huko, ploti zingine zinaletwa haraka na bei inakosa nguvu ya kuendelea. Milimani ama Section 58 mjini huwezi kufanya hivyo, hakuna shamba la kukatwa. Ndio maana ardhi ya katikati na ardhi ya pembeni hazitembei pamoja hata kama zote zinaitwa Nakuru.

MamaWawili, huyo broka amekupa bei ya kuuliza. Uliza bei ya kuuzia. Mwambie akuonyeshe mikataba ya mauzo ya watu watatu walionunua hapo miezi sita iliyopita, afiche majina, uone walilipa ngapi na lini. Kama hawezi, basi 700,000 ni matarajio yake.

Sasa hiyo barabara. Mpango wa kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ile inapita Salgaa, si habari mpya. Mkataba wa kwanza ulisainiwa 2020 na kampuni za Ufaransa na watu wakanunua ploti hapo hapo kwa hiyo habari, halafu mkataba ukakaa hadi ukavunjwa, na kazi ya sasa imezinduliwa Novemba 2025. Mwenye alinunua 2020 ameshikilia miaka mitano pesa yake ikiwa imelala. Pengine sasa atapata faida, lakini hesabu hiyo miaka mitano ndani. Habari ya barabara huingia kwa bei ya ploti siku inatangazwa. Wewe ukinunua leo unanunua barabara yenye mwingine ameshauza.

Halafu kuna kitu sioni watu wakisema. Salgaa ilikua juu ya malori. Madereva wanalala hapo, wanakula hapo, vyumba vya kulala na hoteli zinaishi kwa hao. Barabara ikiwa nzuri na ya haraka, dereva anaweza kuamua kufika Eldoret ama Nakuru alale huko. Sisemi itakuwa hivyo lazima. Nasema barabara mpya huleta watu mahali na pia hupitisha watu wasisimame, na ploti yako inategemea njia ya kutokea iko wapi. Barabara ya njia nne huwezi kuingia kila mahali unapotaka, unaweza kuwa mita mia mbili kutoka lami na uendeshe kilomita kadhaa kuifikia. Uliza pia mpaka wa hifadhi ya barabara uko wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Na kama shamba bado limeandikwa la kilimo unahitaji kibali cha bodi ya ardhi, hiyo ni sheria, ukikosa kibali mkataba wako hauna nguvu. Siku ya kuuza utalipa asilimia 15 ya faida kwa serikali, ilikuwa 5 hadi mwisho wa 2022. Broka amekuhesabia hiyo?

MamaWawili_Naks

Hapana hajahesabu. Na nimemuomba hiyo mikataba ya mauzo, amesema ataangalia.

Omundu_wa_Lurambi

Mulembe mama. Nitaongea ya Kakamega juu naishi hapa na nasimamia hosteli ya mtu.

Shemeji yako hadanganyi, wanafunzi wapo na wanakuja wapya kila mwaka. Lakini mwanafunzi analipa akiwa chuoni tu. Hesabu mwaka wako kwa semista, si kwa miezi 12. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona na Lurambi yote ikanyamaza. 2025 wahadhiri waligoma kutoka Septemba hadi Novemba, wanafunzi wengi wakarudi nyumbani, na mwanafunzi akiwa nyumbani kwao mzazi hatumi kodi. Pia mkopo wa serikali ukichelewa na kodi inachelewa, utafanya nini, umfukuze mtoto wa mtu wiki ya mtihani? Mimi siwezi.

Na ushindani hapa ni wa kutembea kwa mguu. Hosteli ya dakika tano kutoka geti imejaa, ya dakika ishirini inatafuta watu hata kama ni mpya na ina vigae. Msichana anaulizia taa za njiani usiku kwanza kabla ya kuulizia bei. Kwa hivyo usiulize kama kuna uhitaji Lurambi, uliza kama uko kwa njia ile hasa ploti ya shemeji iko. Mwambie atembee kutoka chuo hadi kwa ploti saa mbili usiku halafu akwambie alipita wapi.

Nawaomba pia mkumbuke historia ya huku kwetu. Webuye ilikuwa mji wa Pan Paper. Kiwanda kilipofungwa 2009 watu waliondoka na nyumba za kupangisha zikabaki, nzuri tu, za mawe, hazina mtu. Mumias nayo iliishi kwa sukari, kampuni ikawekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kulipa wadai, lakini mji ulikuwa umeshaanza kupungukiwa kabla ya hapo. Nyumba haikubadilika hata tofali moja. Kilichoondoka ni mshahara. Mahali penye mwajiri mmoja ama chuo kimoja, wewe mwenye nyumba umewekwa pia kwa hicho kiwanda bila kuajiriwa. Nakuru ina hospitali, viwanda, kaunti, jeshi, shule, biashara ya barabara. Mmoja akianguka wengine wanabaki. Mimi ni Mluhya na ningependa muwekeze nyumbani lakini kwa pesa ya kwanza ya maisha singeiweka kwa kitu kimoja, tena mbali na mahali mnaishi, tena na shemeji bila maandishi.

Hesabu_Kwanza

Naomba niweke namba maana zimekosekana.

Bedsita nane kwa 6,000 ni 48,000 kwa mwezi, mwaka mzima zikiwa zimejaa 576,000. Hakuna mahali zinajaa mwaka mzima, na wewe mwenyewe umeona vibao. Tuseme kwa wastani mbili ziko wazi, unabaki na 432,000. Kodi ya serikali kwa mapato ya nyumba ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, hairuhusu kutoa matumizi, inahusu mtu mwenye anapokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na inalipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20. Hiyo ni 32,400. Toa 60,000 ya keateka, taka, marekebisho na ada za kaunti, na hapo nimekuwa mpole. Unabaki na 339,600 hivi.

Ukigawa kwa 3.4m ya ujenzi unapata karibu asilimia 10, watu hushangilia hapo. Lakini ploti si ya bure. Kama jirani ameuza ya kwake 1.2m basi umeweka 4.6m, na mapato yako ni asilimia 7 na kidogo. Sako inakutoza 12 kwa mwaka. Umeona shida iko wapi? Kila shilingi ya mkopo inakula zaidi ya ile inaleta. Ukikopa 1.5m kwa miaka mitano utalipa karibu 33,400 kwa mwezi na nyumba inakupa 28,300. Elfu tano kila mwezi inatoka kwa mshahara, na hiyo ni kama wapangaji sita wamelipa wote.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, vyumba wazi viwe vinne badala ya viwili. Kodi inayoingia inakuwa 288,000 lakini keateka na marekebisho hayapungui. Ndio maana swali lako la vibao kwa mageti ni kubwa kuliko swali la fundi ni nani.

Jambo lingine la riba. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushusha Agosti, na kufika Aprili 2025 ilikuwa 10. Watu wanafurahia mikopo kuwa nafuu, na ni sawa, lakini mkopo ukiwa nafuu kwako ni nafuu pia kwa kila mwenye ploti Umoja. Nyumba zenye utashindana nazo mwaka ujao zimekopewa sasa hivi.

Swali: hiyo 1.9m iko wapi hasa? Kama ni akiba za kudumu za sako huwezi kuzitoa bila kutoka uanachama, zitabaki kama dhamana tu.

MamaWawili_Naks

Iko kwa akaunti ya kutoa, tuliuza kipande cha shamba. Za kukopea ziko kando. Asante sana kwa hizo hesabu, nimemsomea mzee zote.

Mpangishaji_Pipeline

Hesabu ni nzuri lakini msimuogopeshe mtu akaacha kabisa. Mimi niko na bedsita Pipeline hapa Nakuru na zinanilisha. Bedsita mtu akihama nakosa elfu sita, si elfu kumi na tano. Vijana wakitoka kwa wazazi huanza na bedsita, manesi wapya, walimu wa kandarasi, watu wa boda wenye wameoa juzi. Soko lao halikauki. Shida ya wengi ni wanajenga bedsita mbaya, dirisha moja, tanki ndogo, choo kinanuka, halafu wanasema hakuna wapangaji. Wapangaji wapo, wanakaa kwangu.

Jaduong_Kano

Ni kweli omera, lakini Pipeline na Umoja si kitu kimoja. Wewe uko karibu na barabara kuu na matatu hadi usiku, kijana wa bedsita anataka hiyo. Swali ni nani anataka kukaa Umoja na kwa nini. MamaWawili, wacha kutuuliza sisi, uliza huko. Usiulize wenye nyumba, hao watakwambia imejaa. Uliza keateka, muuza duka la kona, mtu wa maji ya mkokoteni, mwenye pikapu ya kuhamisha vitu. Muulize wa pikapu anabeba vitanda vingapi vya kuingia na vingapi vya kutoka. Na usiku wa saa mbili angalia madirisha yenye taa kwa hizo flati mpya. Halafu uliza swali hili: mtu akitafuta nyumba hapa akikosa, huwa anatafuta ya aina gani?

MamaWawili_Naks

Wadau nimerudi. Nimezunguka Umoja wikendi na jioni baada ya kazi na nimejifunza kitu sikutarajia.

Bedsita ni nyingi kweli. Keateka mmoja aliniambia bila kuficha kwamba ana flati mbili za bedsita na moja haijawahi kujaa tangu ifunguliwe, sasa wanatoa mwezi wa kwanza nusu bei. Kodi bado wanasema ni 6,000 lakini ukilipa nusu mwezi wa kwanza si 6,000 tena. Na nimeona misingi mingine minne barabara ile ile yetu, nimeuliza mafundi, zote ni bedsita na singo.

Lakini mama wa duka akaniambia wenye wanakuja kumuuliza nyumba kila wiki ni watu wa familia, wanataka vyumba viwili vya kulala, geti, maji ndani na mahali watoto wanaweza kucheza. Wengine ni walimu, wengine wanafanya kazi kambi ya jeshi Lanet, wengine wametoka mjini juu kodi ya huko imewashinda na wamepata shule huku. Hizo zinaenda 13,000 na keateka anasema mpangaji akitoa notisi, nyumba inachukuliwa kabla hajahamisha vitu. Nilimuuliza mbona basi watu hawajengi hizo, akasema kila mtu anahesabu vyumba vingi kwa ploti moja.

Broka wa Salgaa hajaleta mikataba. Shemeji nimemwambia tungoje.

Sasa naona pengine tujenge za vyumba viwili badala ya bedsita. Lakini sitaki tena kuruka kwa sababu ya maneno ya mama wa duka. Mnaonaje?

Hesabu_Kwanza

Hiyo kazi umefanya ni ya maana kuliko namba zangu zote. Sasa tumia njia ile ile. Usijenge nne mara moja. Mbili za 13,000 ni 26,000 kwa mwezi. Kama zitagharimu 2.3m, una 1.9m, unakopa 400,000 tu. Kwa miaka miwili ni kama 18,800 kwa mwezi. Toa 1,950 ya KRA, ile asilimia 7.5 ya serikali, kodi ya wapangaji inalipa mkopo yenyewe na inabaki karibu elfu tano ya marekebisho. Moja ikikaa bila mtu mwezi mzima, unaongeza karibu elfu saba kutoka mfukoni na hamtalala njaa. Na mkopo ukiisha unajua soko kwa macho yako mwenyewe, si kwa maneno ya mtu, ndio uamue hizo zingine mbili.

Pia mpangaji wa familia mwenye mtoto shule ya karibu hahami ovyo. Hiyo ndio faida yenye haionekani kwa hesabu ya mwezi.

Mpangishaji_Pipeline

Nakubali kwa Umoja. Ila usifikirie hiyo nafasi itakaa wazi milele. Wengine pia wataongea na mama wa duka. Na zile nyumba za bei nafuu za serikali kama za Bondeni zinalenga pia watu wa familia wenye mshahara, ingawa ni za kununua polepole. Kwa hivyo jenga yenye mtu hatatoka hata akipata nyingine ya bei hiyo. Maji, usalama, uwanja wa watoto. Hapo ndipo utashinda.

Fundi_wa_Barnabas

Nimejenga sana upande huo wa Lanet. Mama, hiyo 3.4m ya bedsita nane muulize fundi kama imeweka septiki, tanki, ukuta, plani ya kaunti na kuvuta stima, juu bei ya namna hiyo mara nyingi huishia kwa rangi. Hizo 2.3m za nyumba mbili unaweza kufika ukiwa makini, nyumba ya kama mita 50 mraba kila moja, paa la mabati, bila madoido.

Panga ploti yote sai hata kama unajenga nusu. Nyumba mbili ziwe upande mmoja, septiki uchimbe ya kutosha nyumba nne kutoka mwanzo, maana kuichimba tena baadaye wapangaji wakiwa ndani ni shida kubwa. Kama mnafikiria kupanda juu siku moja, msingi na nguzo zifanywe za ghorofa sasa, muulize injinia itaongeza ngapi, huwezi kuongeza msingi baadaye.

MamaWawili_Naks

Asante fundi. Maji nayo? Jirani ameniambia tuchimbe kisima tuuze hata maji.

Fundi_wa_Barnabas

Kisima subiri. Huku Bonde la Ufa maji mengi ya chini yana floridi nyingi, ndio hayo yanafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na wazazi wa Nakuru wanajua hivyo. Familia unayotafuta itauliza. Chukua maji ya mfereji ya kunywa, uweke tanki kubwa la chini na lingine la juu la kushikilia siku za mgao, na mifereji ya paa uipeleke kwa tanki la tatu la kufulia. Kila nyumba iwe na mita yake ya maji na mita yake ya stima ya tokeni, hiyo itakuondolea kesi nusu. Plani ikitoka kwa mchoraji ifiche namba ya ploti uiweke hapa kabla haijaenda kaunti, niangalie mahali ameweka septiki na tanki.